Pampu inayolia kokoto: msimfukuze opereta, kaangalieni bomba la kunyonya

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako. Barua yangu ni ndefu kidogo ila nakuomba usiikate sana, sababu kuna kijana wa watu amepoteza kazi na jina lake limechafuka kijiji kizima, na mimi ninachokijua kuhusu hili jambo nikikaa nacho kimya nitakuwa nimemdhulumu na mimi.

Mimi ni fundi wa pampu na injini za boti hapa Ujiji, kazi hii ninayo mwaka wa 22 sasa. Kuna kijiji kimoja pembeni ya ziwa, sitakitaja, wana pampu ya umeme inayotoa maji Ziwa Tanganyika na kuyapandisha kwenye tenki kilimani. Ile miaka ziwa lilipopanda likaingia mpaka kwenye nyumba za watu na mialo mingine ikamezwa, kibanda cha pampu nacho kikaingiwa na maji, mota ikanusurika kidogo tu. Kamati ikaamua kibanda kihamishwe juu, na hapo siwalaumu, mota ikishalowa ni hasara ya kila mtu. Tatizo ni kwamba walihamisha pampu wakasahau bomba. Lile bomba la kunyonya la inchi mbili na nusu walilokuwa nalo pale chini wakaliunga tu vipande mpaka likafika urefu wa mita 30, na kona zake, na futi valvu (ile valvu ya mwisho wa bomba inayozuia maji yasirudi ziwani) ileile ya zamani kule majini, wakawasha, maji yakapanda, watu wakapiga makofi.

Baada ya kama miezi minne maji yakawa madogo. Nikaitwa mimi. Nikafungua kesingi, lile ganda la pampu, nikakuta impela, gurudumu la ndani linalosukuma maji, imeliwa vibaya, nikawaambia inunuliwe mpya, wakanunua, nikafunga. Kosa langu lipo hapo na nalikubali mbele ya wasomaji wako: siku ile nilikuwa na haraka, boti za watu zinanisubiri mwaloni Kibirizi, sikukaa kusikiliza ile pampu wala sikushuka kupima bomba. Nilifunga impela nikapiga alama yangu kwa sentapanchi, kile chuma cha ncha cha kutia alama, nukta tatu kwenye kitovu cha impela kama ninavyofanya kwenye kila kitu ninachofunga, nikapanda pikipiki nikaondoka.

Miezi mitatu tu, maji madogo tena. Safari hii hawakuniita mimi, wakaita mtu mwingine akafungua, wakaona impela "mpya" ina hali kama imetolewa kwenye lundo la vyuma chakavu. Hapo ndo balaa likaanza. Ikasemwa opereta kauza impela mpya kafunga ya zamani. Kijana akajitetea, hakuna aliyemsikiliza, maana hoja yao ilikuwa moja tu na ukiisikia haraka haraka unaiona ina akili: maji ya Tanganyika ni meupe, unaona mpaka mawe ya chini, hayana tope wala chumvi, sasa maji safi namna hii yatakulaje chuma kwa miezi mitatu? Kwa hiyo ni wizi. Akaandikiwa barua ya kuachishwa, na deni la impela juu.

Mama yake ndo alikuja kwangu. Alibeba vitu viwili kwenye mfuko wa rambo, impela yenyewe ambayo waliitupa nyuma ya kibanda, na daftari la zamu la mwanae. Akaniambia, "Fundi, wewe ndo ulifunga, niangalizie kama hii siyo yako."

Nikaiosha kwa dizeli nikaigeuza. Nukta tatu zipo, kwenye kitovu, palepale nilipozipiga.

Basi nikakaa chini. Mhariri naomba nieleze hiyo impela ilivyo, maana mtu akiielewa hiyo hatahitaji maneno mengine. Impela ina mapanga yake yaliyojipinda, maji yanaingia katikati kwenye jicho yanatupwa nje pembeni. Kwenye hii, ncha za nje ambako maji yanatokea kwa nguvu zilikuwa nzima kabisa, ukipitisha kidole ni laini. Lakini ukirudi kule ndani karibu na jicho, sentimita moja mbili tu baada ya pale panga linapoanza, na kwa upande wa mgongo wake, chuma kimekuwa kama sega la nyuki ambalo asali imeshakamuliwa. Vitundu juu ya vitundu, vingine vimeungana vimekuwa shimo, panga moja limetoboka kabisa nikapitisha msumari ukatokea upande wa pili. Na mle ndani ya vitundu hakuna kutu nene ya kahawia, chuma ni cha kijivu, kibichi, kinakwaruza kidole kama msasa.

Mchanga hauli hivyo. Mchanga unasugua, unaacha mifereji iliyolala kufuata njia ya maji, na chuma kinabaki kinang'aa kama sufuria iliyosuguliwa na majivu, na mara nyingi unamaliza kule nje ambako maji yana kasi kubwa. Kutu nayo haili hivyo, kutu inavimba inabanduka magamba, na inashika kila mahali, haichagui mgongo wa panga. Na impela kuukuu iliyotumika miaka inachakaa kote kote. Hii yangu ilikuwa mpya kote isipokuwa mbele kidogo tu ya pale ambapo presha ya maji ndani ya pampu inakuwa ndogo kuliko sehemu zote.

Kinachofanya hivyo kinaitwa kavitesheni. Sisi mafundi wa mtaani tunasema pampu inasaga kokoto, na wengi wetu, na mimi nilikuwa mmoja wao miaka ya mwanzo, tunadhani kweli kuna vijiwe vimeingia, tunafungua kesingi hatuvioni tunashangaa.

Iko hivi. Tumezoea kwamba maji yanachemka kwa moto, lakini kuna njia nyingine, nayo ni kuyaondolea presha. Ziwa letu liko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, ndo maana sufuria ya Kigoma inachemka kwenye nyuzi kama 97 na ya Dar es Salaam inachemka nyuzi 100, hewa inayoyakandamiza maji huku kwetu ni nyepesi kuliko ya Pwani. Endelea kuipunguza hiyo presha yatachemka kwenye nyuzi 80, punguza tena yatachemka 50, ukishuka chini sana hata maji ya ziwani ya nyuzi 25, yale ambayo watoto wanaogelea, yanachemka hivyo hivyo ya baridi. Kwenye jicho la impela presha ikishuka kufikia hapo, maji yanapasuka yanatoa viputo vya mvuke, vidogo vidogo, maelfu kwa maelfu.

Viputo vyenyewe havina shida. Shida ni safari yao, maana vinasukumwa na maji kuelekea nje ya impela ambako presha ni kubwa, na kiputo cha mvuke siyo kama cha hewa. Cha hewa ukikibana kinadunda kama mpira kinabaki kuwepo. Cha mvuke ukikibana ule mvuke unageuka maji tena papo hapo, ndani panabaki patupu, na maji ya pande zote yanakimbilia pale kwa mara moja. Kikiwa katikati ya maji yanagongana yenyewe kwa yenyewe unasikia mlio tu. Kikiwa kimegusa au kimekaribia chuma, upande wa chuma maji hayana pa kutokea, kwa hiyo kiputo kinabonyea upande wa pili, maji ya upande huo yanakitoboa kinafanya kamchirizi kembamba kama sindano kanakopiga chuma kwa kasi ya zaidi ya mita 100 kwa sekunde, na wimbi la mshindo juu yake. Kimoja hakifanyi kitu. Lakini ni vingapi kwa saa moja, kwa usiku mzima, kwa miezi mitatu? Chuma kinachoka, kinapata nyufa zisizoonekana, punje inang'oka, halafu ile sehemu ikishakuwa na mabonde viputo vinapenda kuzaliwa palepale, kwa hiyo kadiri inavyoliwa ndo inavyozidi kuliwa.

Na ule mlio wa kokoto ndo huo, ni vifo vya hivyo viputo, hakuna jiwe hata moja. Ukitaka kuusikia vizuri chukua bisibisi ndefu, ncha iguse kesingi upande wa kunyonya, mpini uweke kwenye mfupa mbele ya sikio. Pampu isiyo na tatizo inavuma tu kwa upole. Beringi mbovu inanguruma au inapiga filimbi kwa mpigo unaojirudia. Hii ya viputo haina mpigo, ni mchakacho tu, kama mtu anamimina kokoto kwenye debe na debe halijai.

Sasa hapo kwenye mlio nataka nirudi kwenye daftari la kijana, maana nililisoma lote usiku ule na nilipomaliza sikulala. Ana elimu ya darasa la saba lakini mwandiko wake ni mzuri na kila zamu kaandika. Wiki ya tatu tangu nifunge impela yangu kaandika: "Pampu inalia kama kokoto, nimemwambia mwenyekiti." Baada ya siku tisa: "Inalia zaidi asubuhi hii, maji ya ziwa yamerudi nyuma hatua nane." Mhariri, huyu mtoto hajafundishwa na mtu yeyote na kaona mwenyewe kwamba ziwa likishuka mlio unaongezeka! Kurasa mbili mbele kaandika kitu ambacho mimi nimekijua baada ya miaka mingi, kuhusu valvu ya kupunguzia maji yanayotoka kwenye pampu: "Nimefunga geti valvu ya kutolea robo, kelele imepungua." Halafu siku iliyofuata: "Wa juu wamelalamika maji hayafiki, nimeamriwa nifungue yote. Inalia." Na kutoka hapo karibu kila zamu neno ni moja tu, inalia, inalia, mpaka siku aliyoachishwa.

Na majirani walisikia. Kuna mama mmoja nyumba yake inapakana na kibanda, aliniambia pampu ikianza usiku mtoto wake mchanga anashtuka, na aliwahi kupeleka malalamiko ya kelele akaambiwa maendeleo yana kelele zake. Ile kelele ilikuwa ni chuma cha kijiji kinatafunwa, saa nane za usiku, watu wanasikia kwa masikio yao.

Jumapili nikaenda na futi kamba na karatasi. Naomba niweke hesabu hapa ili yeyote mwenye mashaka aifanye mwenyewe. Pampu haivuti maji, inatengeneza utupu tu, anayeyasukuma maji yapande kwenye bomba ni hewa iliyolala juu ya ziwa. Hapa kwetu hiyo hewa ina uwezo wa kusukuma maji mpaka kama mita 9.4 basi, Dar es Salaam ni kama 10.3, wenzetu wa Tabora waliko juu zaidi, kama mita 1,200, wana kama 9 tu. Kwa hiyo unaanza na 9.4 mfukoni kisha unatoa matumizi. Maji yenyewe yanahitaji kama 0.3 ili yasichemke kwenye nyuzi 25. Kutoka uso wa ziwa mpaka katikati ya pampu nilipima mita 5.2 kwenda juu. Msuguano wa maji kwenye bomba la inchi mbili na nusu, urefu mita 30, pampu inapotoa lita 20,000 kwa saa, pamoja na kona na ile futi valvu iliyoota majani, ni kama mita 2. Toa zote hizo unabakiwa na mita 1.9. Kitabu cha pampu, ambacho kipo kwenye kabati la kamati kwenye nailoni yake hakijafunguliwa, kinasema kwa kiasi hicho cha maji pampu inataka isipungue mita 3 kwenye mdomo wake.

Inataka 3, inapewa 1.9. Itaachaje kulia?

Sasa angalia bomba tu likibadilishwa. Ukiweka la inchi nne urefu uleule, maji yanatembea polepole na ule msuguano wa mita 2 unashuka mpaka kama 0.3. Unabakiwa na 3.6. Pampu ileile, mahali palepale, ziwa lilelile, na imeshiba. Bado mimi ningeishusha hata mita moja pia, sababu kiangazi ziwa linaendelea kushuka na hiyo ziada ya nusu mita siyo ya kujivunia, lakini bomba peke yake lingeokoa impela zote mbili. Na yule kijana alipofunga valvu ya kutolea robo alikuwa anafanya hesabu hiyohiyo kwa mkono, maji yakipungua msuguano unapungua na mahitaji ya pampu nayo yanapungua. Alikuwa anaiokoa pampu, akaamriwa aache.

Hapo niseme na mafundi wenzangu kitu kimoja. Kupunguza maji unapunguza kwa valvu ya kutolea, kamwe usiguse valvu ya upande wa kunyonya, ukiibana ile ndo unaizidishia njaa. Nimekuta watu wanafanya hivyo na pampu inalia zaidi wanadhani mota ndo mbovu. Na kuna wale wanaotoboa katundu kadogo kwenye bomba la kunyonya ili iingie hewa kidogo, kelele inapungua kweli, kwa sababu hewa inakuwa kama godoro kati ya viputo na chuma, ila unapoteza maji na siku ukizidisha kidogo pampu inapoteza mvuto kabisa inazunguka kavu na sili ya kuzuia maji yasivuje inaungua. Hiyo siyo dawa, ni panado.

Kwa anayeona naleta maneno ya vijiweni kumtetea rafiki yangu, hili jambo lina zaidi ya miaka mia moja linajulikana. Miaka ya 1890 Waingereza walikuwa na meli ya kivita HMS Daring, injini ina nguvu ya kutosha lakini mwendo hauji, propela zinazunguka kwa kasi kwenye mvuke wake zenyewe. Mhandisi wao Charles Parsons naye alijenga meli yake inayoendeshwa na tabaini ya mvuke, Turbinia, ya 1894, ikagoma kukimbia kwa sababu hiyohiyo, akatengeneza katanki kenye kioo akaweka propela ndogo na kupasha maji moto mpaka akaviona viputo kwa macho yake, kisha akagawa kazi kwa propela tisa kwenye shafti tatu, na mwaka 1897 ikapita mbele ya meli za malkia kwa kasi ya zaidi ya noti 30, yaani zaidi ya kilomita 55 kwa saa. Mwaka 1917 mwanafizikia Lord Rayleigh akapiga hesabu ya presha inayotokea kiputo kinapojifunga akakuta ni kubwa kupita kawaida. Yaani haya yanajulikana tangu ile miaka ambayo Liemba ilikuwa inaunganishwa hapahapa Kigoma ikashushwa majini 1915.

Siyo chuma tu. Mwaka 1983 kule Marekani kwenye bwawa la Glen Canyon mto Colorado ulifurika wakafungua mahandaki ya kupunguzia maji, maji yakawa yanapita kwa kasi kubwa sana, kidogo tu pale zege lilipokuwa na kikwaruzo viputo vikaanza, kilima kikawa kinanguruma, na walipofunga wakaingia wakakuta handaki limechimbwa shimo la karibu mita 10 kwenda chini, zege na mwamba vyote vimekwenda. Walipotengeneza wakaweka njia ya kuingiza hewa kwenye maji, lile godoro nililosema, ila la kupimwa na mahesabu. Kama maji safi ya mto yalifanya hivyo kwenye mwamba, impela ya chuma cha kumimina ya kwetu ni nini?

Tena kuna watu wanaitafuta hiyo nguvu kwa makusudi. Kuna mashine za kurusha maji kwa presha kupitia nozeli ndogo chini ya maji, ule mchirizi unatoka umejaa viputo, vinapopasukia kwenye kitu vinang'oa. Wapiga mbizi wanazitumia kusafisha matumbo ya meli, kubandua viumbe vya magamba vilivyoganda na uchafu bila kupandisha meli nchi kavu, na wanatakiwa kuwa makini na umbali maana ukiisogeza sana na kukaa sehemu moja inaanza kula chenyewe unachosafisha, na makelele yake majini ni ya kuumiza masikio. Wajapani, akiwemo profesa Hitoshi Soyama wa Chuo Kikuu cha Tohoku, wanatumia mchirizi wa aina hiyo kugongagonga uso wa chuma kidogo kidogo ili uwe mgumu usipasuke haraka, kama mhunzi anavyogonga jembe. Na maabara zinapotaka kujua chuma gani kinavumilia, zinaelekeza mchirizi wa viputo kwenye kipande cha chuma kwa masaa kadhaa kisha zinakipima uzito, kilichopungua ndo kilicholiwa. Kwa utaratibu huo ndo inajulikana kwamba chuma cha kumimina kinaliwa haraka, stenlesi inavumilia zaidi, na shaba ya bronzi iliyochanganywa na aluminiamu inavumilia vizuri, ndo maana propela nyingi za meli kubwa ni za hiyo.

Nimeletewa hoja kwamba basi tununue impela ya stenlesi tumalize. Hapana jamani. Stenlesi italiwa taratibu zaidi lakini italiwa, na kelele itabaki, mtoto wa yule mama ataendelea kushtuka, na beringi na sili zitaendelea kutikiswa. Anayelishwa njaa humpi meno mapya. Bei ya hiyo impela inakaribia bei ya bomba la inchi nne la mita 30, mi ningenunua bomba.

Wenye boti nao wanisikie, maana haya mambo mnayo kila siku. Propela yako ikigonga jiwe ncha ikakunjika usiseme bado inasukuma, ile kona iliyovunjika inazalisha viputo na nyuma yake panga linaanza kuota vitundu, mwendo unapungua na mafuta yanaisha kabla hujafika kwenye dagaa. Inyooshwe kwa fundi na ipigwe msasa. Na madereva wa malori, zile slivu, yale mapipa ya ndani ya injini ambamo pistoni inapita, mnazozikuta zimetobolewa kwa nje upande wa maji wakati kwa ndani ni nzima, ni ndugu yake huyuhuyu, slivu inatetemeka maji yanaachana nayo na kuirudia, viputo vinazaliwa na kufa hapo. Ndo moja ya sababu mnaambiwa muweke kulanti, ile dawa ya kupozea injini, na siyo maji matupu ya bombani.

Sasa ombi langu kwa hao viongozi wa kijiji, ambao ni watu ninaowaheshimu na wengine ni wazee wangu. Nimeonyesha nukta tatu ikasemwa fundi na opereta wameelewana. Sawa, mi nikiitwa mwizi nitavumilia nina kazi zangu nyingine. Lakini msikubali neno langu wala msilikatae, fanyeni jaribio la dakika tano. Impela ya tatu mmeshafunga na pampu inafanya kazi. Nendeni pale, washeni, kaeni kimya, sikilizeni zile kokoto. Halafu mtu afunge valvu ya kutolea taratibu mpaka robo yake iwe imefungwa, msikilize tena. Kama kulikuwa na mawe ndani yatakuwa bado yapo. Kama kelele imepungua, mjue hakuna mawe na hakuna mwizi, na mjue pia hiyo impela ya tatu imeshaanza kuliwa na mna miezi mitatu.

Na yule kijana nawaomba mumuite. Mfuteni deni. Mtu anayekaa zamu ya usiku peke yake akaandika kwenye daftari kwamba ziwa limerudi nyuma hatua nane na pampu inalia zaidi, huyo mnamtafuta wapi mwingine? Kama kuna hela ya mafunzo mpelekeni chuo cha ufundi cha VETA akasomee pampu, atawafaa miaka mingi. Walimu wa VETA nao nawaomba, kabla hamjamfundisha mwanafunzi kufungua kesingi mfundisheni kusikiliza na kupima bomba la kunyonya, sisi wengine tulijifunza kufungua boliti kwanza na nimeeleza hapo juu ilichotugharimu.

Wanaofunga miradi ya maji vijijini, ziwa letu linapanda na kushuka, msipime siku limejaa mkaondoka. Pimeni kwa siku lililoshuka zaidi. Na pale panaposhuka sana wekeni pampu ya kuzama ndani ya maji yenyewe, au ielee kwenye pantoni ipande na kushuka na ziwa, isikae kilimani inakohoa.

Kikao cha kijiji kimeitishwa tena Ijumaa hii baada ya swala. Nitakuwepo na impela zote mbili na daftari, na bisibisi ndefu kwa anayetaka kusikiliza. Yule mama mwenye mtoto mchanga naye kasema atakuja kueleza alichokuwa anasikia usiku. Impela kwa sasa ziko kwenye benchi langu Ujiji, anayepita aingie azishike kwa mkono wake.

Fundi wa pampu na injini za boti,
Ujiji, Kigoma